Sura ya Saba: Wakala Mmoja kwa Sheli Zote

Anayeandika amri ya ssh-agent kwa mara ya kwanza hudhani programu imeharibika. Hakuna dirisha linalofunguka, hakuna swali la nenosiri, hakuna ujumbe wa kumjulisha kwamba kazi imefanyika. Skrini hutoa mistari mitatu tu, na mistari yenyewe inafanana na amri ambazo angetakiwa kuziandika yeye:

SSH_AUTH_SOCK=/tmp/ssh-q7LmTz/agent.4120; export SSH_AUTH_SOCK;
SSH_AGENT_PID=4121; export SSH_AGENT_PID;
echo Agent pid 4121;

Kisha kimya. Akijaribu kumkabidhi wakala huyo ufunguo kwa amri ya ssh-add, anaambiwa hakuna wakala anayepatikana. Lakini wakala yupo. Amekaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, mzima kabisa, anasubiri kazi. Kilichokosekana ni anwani yake. Imechapishwa kwenye skrini, mtumiaji ameiona kwa macho yake, ila sheli, yaani programu inayopokea amri zake na kuzitekeleza, haijaambiwa chochote.

Karibu kila lawama ambayo watu humtupia wakala inatokana na anwani hiyo kutofika inakotakiwa. Lawama hizo si za kupuuzwa, kwa sababu mtu akichoka kuulizwa nenosiri kila anapofungua dirisha jipya, hatua inayofuata ni kuliondoa nenosiri lenyewe.

Habari ya SSH inaanzia Ufini. Mwaka 1995 mtu alitega programu ya kunasa manenosiri kwenye mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki. Hakupata taabu, kwa kuwa siku hizo watu waliingia kwenye seva kwa telnet, na telnet husafirisha nenosiri waziwazi, herufi baada ya herufi. Tatu Ylönen, mtafiti chuoni hapo, akaandika chombo cha kuchukua nafasi yake. Aliomba apewe namba ya mlango 22 kwa sababu ilikuwa wazi katikati ya 21 ya FTP na 23 ya telnet, huduma mbili alizokusudia kuzistaafisha. Julai 1995 aliitoa programu hiyo bure, na mwaka ulipokwisha ilikuwa na watumiaji wapatao 20,000 katika nchi 50. Desemba 1999 waendelezaji wa OpenBSD walitoa tawi lao, OpenSSH, na hilo ndilo linalokutwa leo kwenye seva nyingi za Linux, kwenye kila Mac, na hata kwenye Windows.

SSH ilifanya zaidi ya kulificha nenosiri njiani. Ilimwezesha mtu kuingia bila kulipeleka nenosiri popote. Mtumiaji hutengeneza jozi ya funguo: ufunguo wa umma huwekwa kwenye seva, ufunguo wa siri hubaki kwenye kompyuta yake ndani ya saraka ya ~/.ssh. Wakati wa kuingia, kompyuta yake hutia sahihi kwenye data ya kikao hicho kwa ufunguo wa siri, na seva huikagua sahihi hiyo kwa ufunguo wa umma. Faili la ufunguo wa siri nalo hufungwa kwa nenosiri, ili anayeiba kompyuta au kunakili faili asiondoke na kitu kinachotumika. Nenosiri hilo halisafiri hata hatua moja nje ya kompyuta. Kazi yake ni kulifungua faili, basi.

Ila anayeingia kwenye seva mara ishirini kwa siku angelazimika kulifungua faili mara ishirini. Hapo ndipo wakala anapoingia. Unamfungulia ufunguo mara moja asubuhi kwa ssh-add, naye anaushika kwenye kumbukumbu. Anafanana na karani wa ofisi ya kijiji anayetunza muhuri: unamletea barua, anaigonga, unaondoka na barua yako, lakini muhuri hautoki mezani pake. Programu ya ssh inayohitaji kuingia kwenye seva humpelekea wakala data ya kutiwa sahihi. Wakala hurudisha sahihi. Katika mazungumzo yao hakuna ombi hata moja la kusema nipe ufunguo wenyewe. Mazungumzo hayo hupitia soketi, faili la aina yake ambalo programu mbili za kompyuta moja hulitumia kuongea, na mahali lilipo faili hilo ndiyo ile anwani iliyochapishwa kwenye mstari wa kwanza: SSH_AUTH_SOCK.

Basi kwa nini wakala asiiandikie sheli anwani hiyo moja kwa moja, badala ya kuichapisha kama anayeomba msaada?

Kwa sababu Unix haimruhusu. Toleo la saba la Unix, lililotoka Bell Labs mwaka 1979, lilikuja na sheli ya Stephen Bourne pamoja na utaratibu wa vigeu vya mazingira, ambao haujabadilika kimsingi hadi leo. Kila mchakato una mzazi wake. Mchakato mpya unapozaliwa hupewa nakala ya vigeu vya mzazi, na kuanzia hapo kila mmoja anashika vyake. Mtoto akibadilisha kigeu, mzazi hajui. Mzazi akibadilisha chake baada ya mtoto kuzaliwa, mtoto hapati habari. Urithi unashuka tu, tena mara moja. Ukiandika ssh-agent, programu hiyo ni mtoto wa sheli yako, na mtoto hana mkono wa kumfikia mzazi. Anachoweza ni kuchapisha amri na kutumaini kwamba mzazi atazisoma na kuzitekeleza mwenyewe. Ndiyo maana mafundi huandika eval "$(ssh-agent -s)": sheli huchukua kilichochapishwa na kukitekeleza kana kwamba kimeandikwa kwenye kibodi.

Herufi ile ya s nayo ina historia. Miaka ileile ya mwisho ya 1970, katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Bill Joy aliandika sheli nyingine, csh, yenye lugha tofauti. Kwa Bourne kigeu huwekwa kwa alama ya sawasawa na kutangazwa kwa export. Kwa Joy huandikwa setenv. Bash ya mwaka 1989 na zsh ya 1990 zilifuata njia ya Bourne. Tcsh ilifuata ya Joy, na mtumiaji mkuu wa FreeBSD aliendelea kupewa csh hadi toleo la 14 la mwaka 2023. Wakala akajikuta anapaswa kusema lugha zote mbili, -s kwa ukoo mmoja na -c kwa mwingine. Asipoambiwa atumie ipi hutazama kigeu cha SHELL, na kama jina lililomo linaishia na csh huchagua lugha ya Joy. Ubashiri huo unakosea kirahisi, kwa kuwa SHELL hutaja sheli ya kuingilia, hata kama mtu ameshahamia nyingine. Mwenye bash aliyefungua tcsh ndani yake huletewa amri za Bourne, na tcsh hazielewi. Kisha mwaka 2005 ikaja fish ya Axel Liljencrantz, ambayo huweka vigeu kwa set -gx. Wakala hana lugha ya fish. Kwa bahati nzuri fish inaielewa setenv, kwa hiyo mtumiaji wake huandika eval (ssh-agent -c) na mambo huenda.

Lakini lugha ni sehemu nyepesi. Uzito uko kwenye ukoo. Madirisha mawili ya terminali yaliyofunguliwa bega kwa bega ni ndugu, hakuna aliye mzazi wa mwenzake. Anwani iliyosomwa na dirisha la kwanza haitafika la pili kamwe, hata yote mawili yawe na bash ileile, ya mtumiaji yuleyule, kwenye kompyuta ileile.

Dawa ya zamani ilikuwa kumweka wakala juu kabisa ya ukoo. Ukiandika ssh-agent na kufuatiwa na jina la programu nyingine, programu hiyo huanza ikiwa tayari na anwani, na kila inachokizaa hurithi. Mifumo kama Debian iliitumia njia hiyo kuanzisha eneokazi zima la picha: wakala kwanza, eneokazi baadaye, na madirisha yote yakazaliwa yakiijua anwani. Kwa anayekaa mbele ya skrini yake mwenyewe, inatosha. Inakwama pale anapoingia kutoka mbali kwa SSH kwenye kompyuta ileile, au anapofungua konsoli ya pili ya maandishi, au kazi ya cron, programu ya kuendesha kazi kwa ratiba, inapoamka saa nane za usiku ikiwa haina uhusiano wowote na eneokazi.

Kwa hiyo wengi hufanya jambo linaloonekana la busara. Huchukua ule mstari wa eval na kuuandika kwenye .bashrc, faili ambalo bash hulisoma inapofunguliwa kwenye dirisha jipya. Kila dirisha sasa lina wakala. Tatizo ni kwamba kila dirisha lina wakala wake, mpya na mtupu. Nenosiri linaulizwa upya kwenye kila dirisha. Tena wakala aliyeanzishwa kwa njia hii hujitenga na sheli iliyomzaa na hafi nayo. Dirisha hufungwa, yeye hubaki. Amri ya pgrep ssh-agent kwenye kompyuta ya namna hiyo, baada ya wiki moja ya kazi, hutoa safu ndefu ya namba.

Hapa pana hatari inayostahili kutazamwa kwa makini. Mawakala hao walioachwa si watupu wote. Yule wa Jumatatu aliyefunguliwa ufunguo bado anao, umefunguliwa, na hakuna dirisha hata moja linaloijua anwani yake. Mwenye kompyuta akiandika ssh-add -D ili kufuta funguo zote, amri hiyo humfikia wakala wa dirisha alilopo tu. Anaondoka mezani akiamini amefunga kila kitu, kumbe soketi za wengine bado zipo, na programu yoyote inayoendeshwa kwa jina lake, mbaya au nzuri, inaweza kuzitafuta na kuomba sahihi.

Upande wa pili wa hatari ni uchovu wa binadamu. Tarehe 13 Agosti 2021 GitHub iliacha kupokea nenosiri la akaunti kwa kazi za Git, na waandishi wa programu wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, sawa na wenzao kote duniani, wakabaki na njia mbili: tokeni au ufunguo wa SSH. Waliochagua ufunguo walikutana na ssh-keygen, ambayo huuliza nenosiri la kulifungia faili na kueleza kwamba ukiacha patupu halitawekwa. Kubonyeza Enter mara mbili ni rahisi. Aliyekwisha kusumbuliwa na madirisha yasiyojuana hubonyeza bila kusita, na kuanzia siku hiyo ufunguo wake ni faili la kawaida: nakala iliyoingia kwenye diski ya akiba, au kompyuta iliyosahauliwa kwenye basi, inatosha. Kwa sababu hiyo suala la kushirikisha wakala mmoja kwa sheli zote ni la usalama kabla ya kuwa la starehe. Nenosiri refu linavumilika likiulizwa mara moja kwa siku.

Aliyelishughulikia jambo hili mapema na kwa makini ni Daniel Robbins, mwanzilishi wa Gentoo Linux. Mwaka 2001 aliandika programu iitwayo keychain. Mtumiaji huiita kwenye faili la kuanzia la sheli yake, nayo hutazama kwanza kama tayari kuna wakala wa mtumiaji huyo kwenye kompyuta hiyo. Akiwapo, inamchukua. Asipokuwapo, inamwanzisha mmoja, kisha inaiandika anwani yake kwenye saraka ya ~/.keychain, ndani ya mafaili yanayobeba jina la kompyuta: moja linaloishia na -sh kwa ukoo wa Bourne, moja -csh, na lililoongezwa baadaye, -fish. Habari ni moja, imeandikwa kwa lugha tatu, na kila sheli husoma ya kwake. Hata kazi ya cron isiyo na mzazi wa maana inaweza kulisoma faili la -sh kabla ya kuanza.

Keychain ina swichi moja inayoonyesha jinsi Robbins alivyolitafakari jambo hili: --clear. Ikiwekwa kwenye faili la kuingilia, kila anayeingia hukuta funguo zimefutwa na hulazimika kutoa nenosiri upya. Mantiki yake ni kwamba anayeingia achukuliwe kuwa mgeni asiyejulikana hadi athibitishe, ilhali kazi za usiku zisizopita kwenye mlango wa kuingilia zinaendelea kumtumia wakala mwenyewe anapokuwa amelala. Si kila mtu atapenda mpango huo, lakini umepangwa na mtu aliyejiuliza nani anaweza kufika kwenye kibodi.

Pamoja na sifa zake, keychain bado inabeba mzigo wa kutangaza anwani inayobadilika. Kila wakala mpya huja na soketi yenye herufi za kubahatisha, na lazima mtu azipeleke kila mahali. Njia iliyo bora zaidi ni kuacha kubadilisha anwani. Wakala ana swichi ya -a inayomwambia akae wapi. Ukimwambia akae ~/.ssh/wakala.sock leo, kesho na mwakani, hakuna tena habari ya kupelekwa kokote. Kila sheli huandikiwa njia hiyo mara moja katika faili lake la kuanzia. Kwenye bash na zsh ni export SSH_AUTH_SOCK="$HOME/.ssh/wakala.sock". Kwenye tcsh ni setenv SSH_AUTH_SOCK "$HOME/.ssh/wakala.sock". Kwenye fish ni set -gx SSH_AUTH_SOCK "$HOME/.ssh/wakala.sock". Tofauti kati ya Bourne na Joy inabaki kuwa tofauti ya mstari mmoja.

Kinachobaki ni kujua kama kuna mtu kwenye anwani hiyo. Hapa ssh-add -l husaidia kwa namna ambayo wengi hawaijui. Inapomaliza, hurudisha namba: 0 ikiwa wakala yupo na ana funguo, 1 ikiwa yupo lakini hana kitu, na 2 ikiwa hakuna anayeitika. Wakala mtupu na wakala aliyekufa ni hali mbili tofauti, na hati nyingi za kuanzia huzichanganya: zikiona 1 huanzisha wakala mwingine bila sababu. Iliyoandikwa vizuri huanzisha mpya ikipata 2 peke yake. Na kabla ya kuanzisha inapaswa kulifuta faili la soketi la zamani, kwa maana kompyuta ikizimwa ghafla faili hubaki, na wakala mpya hukataa kukaa mahali ambapo jina limeshachukuliwa.

Hata hati hiyo nzuri ina ufa. Terminali ikifungua madirisha mawili kwa mpigo, yote mawili huuliza, yote hupata 2, yote hufuta na kuanzisha. Wa pili hushika anwani, wa kwanza hubaki hana njia ya kufikiwa. Kwenye Linux inayotumia systemd, msimamizi wa huduma za mfumo, ni afadhali kazi hiyo iondolewe mikononi mwa sheli. Huduma ndogo ya mtumiaji, yenye mstari wa ssh-agent -D -a %t/ssh-agent.socket, huanzishwa mara moja mtumiaji anapoingia. Ile %t ni saraka yake ya muda, kwa kawaida /run/user/1000 au namba nyingine kulingana na mtumiaji. Imo kwenye kumbukumbu, haifunguki kwa watumiaji wengine wa kawaida, na huondolewa anapotoka kabisa. Sheli hazianzishi chochote tena. Zinaelekezwa tu.

Kuna hata njia ya kuipita sheli kabisa. Tangu OpenSSH 7.3 ya mwaka 2016, faili la ~/.ssh/config hupokea mstari wa IdentityAgent unaotaja soketi, na ssh huutii hata kama SSH_AUTH_SOCK inasema vingine. Kihariri kilichofunguliwa kwa kubofya picha, kazi ya cron, sheli ngeni iliyowekwa jana: zote zinapoita ssh hufika kwa wakala yuleyule. Tahadhari moja inafaa, maana imewapotezea watu muda mwingi: ssh-add hailisomi faili hilo. Yenyewe hujua SSH_AUTH_SOCK tu. Anayetegemea IdentityAgent peke yake ataona ssh inafanya kazi huku ssh-add ikidai hakuna wakala. Dawa ni kuweka vyote viwili, au kuongeza AddKeysToAgent yes kwenye config, mstari uliokuja na toleo la 7.2, ili ssh yenyewe imkabidhi wakala ufunguo mara nenosiri linapotolewa.

Kwenye Mac jambo hili lilimalizwa zamani. Mac OS X 10.5 ya mwaka 2007 ilimkabidhi launchd, mchakato mkuu wa mfumo, jukumu la kuifungua soketi na kuwagawia wote anwani yake. Wakala mwenyewe huamshwa pale mtu wa kwanza anapogonga. Apple ilipohama kutoka bash kwenda zsh mwaka 2019, wakala hakuguswa, kwa kuwa hakuwahi kuwa wa bash.

Windows ni kisa kirefu zaidi. Mwaka 2018 Microsoft ilianza kuisambaza OpenSSH pamoja na Windows 10, na wakala wake ni huduma ya mfumo ambayo kwa kawaida huja ikiwa imezimwa. Haongei kupitia soketi ya Unix; anaongea kupitia bomba la Windows liitwalo \\.\pipe\openssh-ssh-agent. Tena hasahau: funguo alizokabidhiwa huzihifadhi kwenye rejista zikiwa zimefungwa kwa siri ya akaunti ya mtumiaji, na kompyuta ikiwashwa upya bado anazo. PowerShell na sheli ya zamani ya cmd zinamshirikisha bila taabu yoyote. Lakini mtu huyohuyo akifungua Git Bash anakuta ssh nyingine, iliyokuja ndani ya Git, inayotafuta soketi ya mtindo wa Unix na isiyojua mabomba. Akifungua WSL, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows, anakuta ya tatu. Kompyuta moja, mtu mmoja, mawakala watatu wasiosikilizana.

Kwa Git tiba ni fupi: git config --global core.sshCommand C:/Windows/System32/OpenSSH/ssh.exe, na Git itatumia ssh ya Windows pamoja na wakala wake. Kwa WSL huhitajika daraja. Programu ndogo iitwayo npiperelay hushika bomba upande wa Windows, socat hufungua soketi upande wa Linux, na maombi ya sahihi huvuka katikati. Ni mpango wenye viungo vingi na unapoharibika huwa vigumu kujua kilichokatika ni kipi. Hata hivyo una faida kubwa: ufunguo unafunguliwa mahali pamoja, na unafutwa mahali pamoja.

Kufika hapa wakala ameshirikishwa ndani ya kompyuta moja. Kuna wanaotaka zaidi. Swichi ya -A ya ssh humwezesha mtu aliye kwenye seva ya mbali kumtumia wakala wa nyumbani: sshd, programu ya SSH inayosikiliza kwenye seva, hufungua soketi huko, na ombi la sahihi hurudi hadi kwenye kompyuta ya mwenyewe. Soketi hiyo ya mbali hupewa jina jipya kila anapoingia, na hapo huumia watumiaji wa tmux, programu inayoviacha vikao vya sheli hai kwenye seva hata baada ya mtu kuondoka. Kikao cha tmux kimebaki hai tangu jana kikiwa na anwani ya jana. Mwenyewe ameingia leo na anwani ni nyingine. Tmux hujua kuisasisha mtu anaporejea kwenye kikao, lakini kwa madirisha mapya tu. Sheli zilizokwisha kuzaliwa hubaki na urithi wao wa zamani, sawasawa na sheria ile ya 1979. Ufumbuzi wa kawaida ni jina la kudumu tena: kila anapoingia, kiungo cha ~/.ssh/ssh_auth_sock huelekezwa kwenye soketi mpya kwa ln -sf, na sheli zote za tmux hutajiwa kiungo hicho.

Lakini hapo mtu anapaswa kujiuliza kwanza kama anaihitaji -A. Anayeshika mamlaka ya juu kwenye seva ya mbali anaweza kuifikia soketi yako muda wote uliopo, na kutia sahihi kwa jina lako kwenye seva nyingine zote zinazokutambua. Hilo lilitokea hadharani Aprili 2019 kwa Matrix.org. Mvamizi aliingia kupitia Jenkins, programu ya kujenga na kujaribu msimbo, iliyokuwa na tundu la usalama, kisha akawatumia mawakala waliokuwa wameletwa na wahandisi kwa njia hiyo ya mbali na kusonga mbele hadi kwenye mifumo ya uzalishaji. Hakuhitaji kuiba hata ufunguo mmoja. Julai 2023 kampuni ya Qualys ikaonyesha udhaifu mwingine, CVE-2023-38408, ambapo seva mbaya ingeweza kumtumia wakala aliyefikishwa kwake kuendesha msimbo kwenye kompyuta ya mwenye wakala, na OpenSSH 9.3p2 ikatolewa kuuziba. Mara nyingi anayetumia -A anataka tu kupita seva moja kufikia nyingine, na kwa hilo kuna -J, ambayo humvusha bila kumwacha wakala wake wazi kwa seva ya katikati.

Kwa wenye sababu ya kweli, mipaka ipo. Ssh-add -t hufuta ufunguo baada ya muda uliotajwa, na -c humwamuru wakala aulize kwenye skrini kabla ya kila sahihi. Toleo la 8.9 la mwaka 2022 lilileta -h, inayoufungia ufunguo kwenye seva na njia zilizotajwa peke yake. Wakala anayeshirikishwa na sheli zote anastahili angalau -t, kwa kuwa anadumu zaidi ya dirisha lolote.

Je, kushirikisha kwenyewe kunaongeza hatari? Kwa kiasi kidogo mno. Wakala hukagua kitambulisho cha kila anayemgongea, na humjibu mwenye mchakato huo au msimamizi mkuu wa mfumo, si mwingine. Sheli nne za mtumiaji mmoja tayari zinasomeana mafaili. Kuwa na mawakala wanne hakukuwa kunazitenganisha. Tangu toleo la 8.1 la Oktoba 2019 funguo zilizo kwenye kumbukumbu ya wakala pia hufungwa kwa ufunguo wa ndani unaotokana na data nyingi ya kubahatisha, na hufunguliwa wakati wa kutia sahihi tu, ili mashambulizi ya pembeni kama Spectre na Rowhammer yasizichote kirahisi.

Badiliko la karibuni linahusu anwani yenyewe. OpenSSH 10.1, iliyotoka Oktoba 2025, ilizihamisha soketi za kawaida kutoka /tmp kwenda ~/.ssh/agent. Sababu ni kwamba programu nyingi zinazofungiwa zisifikie mafaili ya mtumiaji bado huachiwa /tmp, na hivyo zilimfikia wakala bila mtu kukusudia. Toleo hilo liliongeza pia swichi ya -u ya kufagia soketi za mawakala waliokufa kwenye saraka hiyo mpya, na -T kwa anayetaka kubaki na /tmp. Hati za miaka mingi zilizokuwa zikipekua /tmp kutafuta agent.* ili zimpate wakala wa zamani zimeanza kurudi mikono mitupu, na wenye hati hizo wanalazimika kuzifungua na kuandika upya. Wenye mstari wa -a hawakuwa na la kubadilisha.